Macho ya Baba Mdogo

Darasani waliniita Kiranja, na sikulichukia jina hilo. Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa mimi ninayekusanya karatasi, ninayefungua madirisha ya ukumbi, ninayewapigia simu waliolala. Kazi ya kuhimiza watu ukinipa mimi, ihesabu imekwisha. Ndiyo maana Daktari Bingwa alipotaka fomu zake zijazwe upesi, hakujisumbua kumwita mtu mwingine.

Huyu Daktari Bingwa alikuwa mwalimu wetu wa magonjwa ya ndani, na ndiye mwenye mradi wa tiba mtandao. Mgonjwa anakaa mbele ya kamera kwenye zahanati ya mbali, daktari anakaa mbele ya kompyuta chuoni kwetu, wanaonana, wanaongea, dawa inaandikwa. Wagonjwa walikuwa wengi na madaktari wachache, kwa hiyo akaja na wazo la kutukalisha sisi wa mwaka wa tano kwenye hizo kompyuta. Wakubwa wa chuo wakasema sawa, ila kwanza wanataka kujua kama wanafunzi wanaielewa tiba yenyewe na wanaionaje. Zikaletwa fomu za maswali thelathini, kila swali na visanduku vitano, kuanzia "Sikubali kabisa" mkono wa kushoto mpaka "Nakubali kabisa" mkono wa kulia. Juu kabisa, kwa wino mzito: Usiandike jina lako.

Alinipa fomu mia moja na kumi na nane siku ya Ijumaa mchana, tumetoka kwenye mhadhara wa saa tatu mfululizo na matumbo yananguruma ukumbi mzima.

"Nazitaka kabla sijaondoka," alisema. "Naondoka saa saba na nusu."

Nilipanda mbele. "Jamani, dakika kumi tu. Huu si mtihani, hakuna anayefeli. Tiki zote mkono wa kulia, 'Nakubali kabisa', halafu twende tukale."

Watu wakacheka, kalamu zikaanza kushuka kwenye karatasi kwa mstari mmoja. Mkono mmoja ukanyooka. Alikuwa Maswali, kijana mwembamba wa safu ya tatu ambaye jina hilo alilipata kwa jasho lake.

"Kiranja, hili la kumi na nne. 'Naelewa mipaka ya kamera katika kutambua rangi ya ngozi, macho na ulimi wa mgonjwa.' Mipaka ipi? Mbona hatujafundishwa?"

Ukumbi mzima uliguna. Mimi nikaona nafasi ya kuchekesha, na nafasi za namna hiyo sizikosi.

"Maswali, kamera ni kamera. Mpaka wake ni chaji. Tia tiki, watu wana njaa."

Walicheka mpaka wengine wakagonga meza. Nilicheka kuliko wote. Maswali alitikisa kichwa, akainama, akaandika.

Wiki tatu baadaye matokeo yalibandikwa ubaoni: asilimia tisini na tisa ya wanafunzi wanaielewa tiba mtandao, na mtazamo wao ni chanya sana. Daktari Bingwa alitununulia soda. Jumatatu iliyofuata tukapewa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, zamani stoo ya darubini, na harufu ya mbao na spiriti haikuwahi kutoka. Meza nne zilitengwa kwa vipande vya ubao laini. Kila meza ilikuwa na kompyuta, vipokea sauti ambavyo sponji yake imeliwa, na daftari la kuandika wagonjwa. Ukutani karatasi ya masharti. Sharti la tatu lilisema usimhudumie ndugu yako, mpe mwenzako. Sharti la tano lilisema ukiwa na shaka yoyote, mpigie daktari wa zamu. Masharti hayo niliyabandika mimi mwenyewe, kwa gundi yangu.

Nakiri kwamba niliipenda ile kazi. Mtu amekaa mwendo wa saa sita kwa gari kutoka nilipo, na mimi namwambia atoe ulimi, anatoa. Mapunye ya watoto, kikohozi, vidonda vya miguu. Nikisema neno, dawa inatolewa. Kichwa kilinivimba. Nilianza kutembea kwenye korido na koti jeupe vifungo wazi, kama nilivyowaona madaktari wenyewe wakifanya.

Moja ya zile zahanati ilikuwa ya kwetu. Pale ndipo nilipokulia, kwa mama mdogo, kwa sababu mama yangu mzazi, dada yake, alifariki nikiwa na miaka minne. Mama mdogo na mumewe hawakujaliwa mtoto mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa binti yao wa pekee, kifungua mimba na kitinda mimba, na waliniharibu kwa kunidekeza. Mama mdogo alikuwa mwanamke wa kujipenda. Hata akienda kuchota maji bombani alipaka mafuta usoni na kuangalia nywele zake kwenye kioo kilichokuwa nyuma ya mlango. Baba mdogo ni fundi uashi, mtu wa maneno machache. Sifa yake mjini pale ilikuwa macho. Angesimama mbali na ukuta, akafumba jicho moja, akasema, "Umelala kushoto, upana wa kidole," na mafundi wengine wakiweka timazi wanakuta umelala kushoto, upana wa kidole. Watu walikuja kumchukua akaangalie tu nyumba zao kabla hawajamlipa fundi mwingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaona hata nikiwa shuleni.

Muuguzi wa zahanati nilimjua pia. Kijana nadhifu, mkarimu, shati limepigwa pasi, mpenda picha kupita kiasi. Kompyuta bapa aliyopewa na mradi iliungua mfumo wa chaji mwezi wa kwanza, na badala ya kukaa kulalamika alitumia simu yake mwenyewe. Daktari Bingwa alimsifia kikaoni kwa moyo huo.

Jumanne ile, saa tatu asubuhi, uso wa muuguzi ulitokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Kiranja, leo nimekuletea mgonjwa wa kwako. Hataki mwingine."

Akageuza simu, na pale kwenye kiti cha plastiki alikuwa mama mdogo, kajifunga kitambaa kichwani, anatabasamu. Nyuma yake alisimama baba mdogo, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," alisema mama mdogo. "Ona, umekuwa daktari wa kwenye televisheni!"

Nililitazama sharti la tatu ukutani. Meza ya pili alikuwa amekaa Maswali, anahangaika na mtoto mwenye sikio. Ningeweza kungoja dakika tano nimpe yeye. Lakini mama mdogo alikuwa amenijia mimi, kafunga kitambaa chake kizuri kwa ajili yangu, na mimi nilitaka anione nikifanya kazi. Nikavuta kiti.

Tumbo, alisema. Juu hapa, chini ya kifua, kama moto, wiki ya pili sasa. Na uchovu. Kutoka nyumbani hadi zahanati alipumzika mara tatu. Nikamuuliza dawa anazotumia, akasema vile vidonge vya magoti vya dukani, kila siku tangu mvua ziishe. Hapo hapo nikajua ni vidonda vya tumbo, na nilikuwa sahihi. Ubaya ulikuwa huo, kwamba nilikuwa sahihi nikaridhika.

"Na choo, mama? Kikoje, rangi yake?"

"Heh! We mtoto! Unaniuliza mambo hayo mbele za watu?"

Alicheka, muuguzi akacheka, nami nikacheka. Swali hilo lina maana moja tu kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo: choo kikiwa cheusi kama lami, anavuja damu ndani. Mgonjwa mwingine yeyote ningembana mpaka ajibu. Huyu alikuwa amenifunza mwenyewe kutosema mambo ya chooni mbele ya wanaume, nikaliruka.

Muuguzi alimpima. Presha mia moja kwa sitini. Mapigo mia moja na nane.

"Yako juu kidogo," nilisema.

"Ametembea," alisema muuguzi.

"Kipimo cha wingi wa damu?"

"Mashine ipo. Vijiti vyake vimeisha tangu mwezi juzi."

Basi yakabaki macho. Tunafundishwa hivyo tangu mwaka wa tatu: vuta kope la chini, tazama utando wa ndani, ukiwa mwekundu damu ipo, ukiwa umepauka damu haipo. Nikamwambia muuguzi amvute kope na asogeze simu karibu. Akasogeza. Utando ulijaa kwenye kioo changu kizima, wenye rangi ya waridi, safi, mzuri. Mashavu yake nayo yaling'aa. Nilikuwa sijamwona mama mdogo amenawiri vile kwa miaka.

Hapo ndipo baba mdogo alipotia neno.

"Mwanangu, nje hapa kuna gari la muuza mbao. Linakwenda hospitali ya wilaya sasa hivi, lina nafasi mbele. Nimemwomba dereva asubiri. Nilikuwa nasema tumpeleke."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi namwona hana damu. Siku ya nne leo. Amepauka."

Na mimi nikamjibu. Maneno niliyomjibu nayakumbuka yote, kwa mpangilio wake, na sauti niliyoyasemea pia naikumbuka, ile sauti ya koridoni.

"Baba, hapa nimemvuta kope namwona vizuri kabisa. Damu ipo ya kutosha. Rangi yake nzuri. Hospitali watamchosha tu kwenye foleni, halafu watampa dawa hizi hizi."

Baba mdogo alimwinamia mkewe, akamtazama usoni, akafumba jicho moja. Kisha akanitazama mimi kupitia ile simu.

"Una hakika?"

"Baba, mimi ndiye ninayesomea."

Akatoka nje. Nikasikia gari likiwaka na kuondoka, naye akarudi ndani. Nikaandika dawa za tumbo, nikamkataza vile vidonge vya magoti, nikamwambia arudi baada ya siku mbili. Mama mdogo aliniaga kwa kunipungia mkono wake wote, kama mtu aliye kwenye picha ya harusi. Wala sikumpigia daktari wa zamu, maana shaka sikuwa nayo.

Jumatano saa kumi jioni baba mdogo alinipigia. Hakuwa mtu wa kupiga simu, kwa hiyo nilipoona jina lake nilijua kuna jambo kabla sijapokea. Alisema mama yako ametoka bafuni, akaanguka mlangoni, akatapika damu beseni zima, na ilipopatikana gari alikuwa ameshakata kauli.

"Ametutoka," alisema. "Njoo."

Nilikaa sakafuni, kati ya vitanda viwili vya bweni, na viatu miguuni. Mtu akivuja damu tumboni siku nne, macho hayawezi kuwa ya waridi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Basi niliona nini?

Tulimzika Alhamisi. Sitaki kuyaeleza sana mazishi, watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Kilichonikaa kooni ni maneno ya baba mdogo. Kila aliyemshika mkono akimuuliza imekuwaje, alimjibu kwa utaratibu ule ule: "Jumanne alikuwa mzima wa damu. Mtoto alimwangalia mwenyewe, kwa mitambo. Jambo limekuja ghafla." Alikuwa ananilinda bila kujua ananilinda na nini. Wanawake walinikumbatia wakisema angalau mama yako ameondoka akiwa ametibiwa na wewe. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jumamosi asubuhi nilikwenda zahanati. Muuguzi aliponiona alisimama, akaanza pole, nikamkatiza.

"Nionyeshe simu yako."

"Simu?"

"Fungua kamera. Nielekezee mimi."

Nilikuwa sijalala siku tatu. Asubuhi ile, kwenye kioo cha nyuma ya mlango, nilikuwa nimemwona mwanamke wa kijivu, macho yamevimba, midomo imekauka ikapasuka. Muuguzi alininyooshea simu kisha akageuza kamera iwe ya mbele nijione. Kwenye kioo chake alikuwapo msichana wa kwenda kwenye mahafali. Ngozi laini, mashavu mekundu, midomo kama imepakwa kitu. Nikavuta kope langu la chini mbele ya ile kamera, na utando ukatokea wa waridi, safi, mzuri.

"Hii nini?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Ni ile ya kupendezesha picha. Urembo. Naiachaga wazi."

"Izime."

Akagusa mahali. Msichana wa mahafali akafa, akabaki yule wa kijivu. Muuguzi alitazama simu, akanitazama mimi, akatazama tena simu.

"Walikuwa hawataki," alisema. "Kina mama. Walikuwa wanaona nyuso zao kwenye kioo wanasema nimewafanya wabaya, wanaondoka. Nilipowawekea hii wakakubali kukaa. Nilidhani nasaidia. Hakuna aliyeniambia."

"Najua."

"Na yeye... mama yako. Ningeizima siku ile, maana alikuwa mgonjwa kweli, nilimwona. Hata mimi nilimwona kapauka, lakini wewe ulivyosema damu ipo nikasema labda ni mwanga wa chumba. Kabla sijakupigia aliniomba. Alisema, 'Niwekee ile ya kupendeza, mwanangu asinione nimechoka. Ana mitihani.'"

Nilitoka nje. Kisha nilirudi nyumbani, nikamkuta baba mdogo amekaa kwenye benchi, na sikumwambia. Niliyapanga maneno njia nzima, nikafika nayo mpaka mlangoni, nikayameza. Nilijiambia msiba bado mbichi. Uongo mtupu. Niliogopa kutazamwa na yale macho yake, na nikarudi chuoni na siri yangu kama mwizi.

Daktari Bingwa nilimwambia kila kitu. Sitamsingizia: aliumia. Alivua miwani, akanipa kiti. Alisema kosa la kumhudumia ndugu ni langu, la kutotuangalia ni lake, na hilo la kamera ni la wote. Kisha akatuma ujumbe wa mistari miwili kwa zahanati zote, kwamba vifaa vya kurembesha picha vizimwe.

"Na kwenye ripoti?" nilimuuliza.

"Tutaliweka. Kwenye sehemu ya changamoto."

"Daktari, zile fomu zetu zilikuwa uongo. Niliwaambia watu watie tiki."

Akavaa miwani yake. "Fomu zimeshafanyiwa hesabu," alisema taratibu. "Zimeshakwenda."

Zilikuwa kwenye boksi, rafu ya chini, ofisini kwake. Siku alipokuwa wodini nililiomba kwa katibu wake nikaketi nalo chini. Nilitaka fomu yangu. Sijui nilitaka kuifanya nini, kuichana labda, au kuikata ile tiki na kuandika jina langu juu yake kwa wino mzito. Nilipekua zote mia moja na kumi na nane. Wino wa bluu, tiki mkono wa kulia, zimeshuka kwa mstari mmoja kutoka namba moja mpaka thelathini. Sikuweza kuitambua yangu. Moja tu ndiyo ilikuwa tofauti: kwenye namba kumi na nne tiki ilikuwa kushoto kabisa, "Sikubali kabisa", na pembeni mtu ameandika kwa herufi ndogo: hatujafundishwa. Nilimjua mwenye mwandiko ule. Ndiye aliyekuwa ile asilimia moja.

Zamu ziliendelea, maana zilikuwa na alama na asiyekaa zamu hapandi mwaka wa sita. Nilirudi kwenye meza yangu. Niliwauliza watu rangi ya choo mpaka wakakasirika. Nilimpigia daktari wa zamu kwa mafua. Kila muuguzi nilimwambia aweke karatasi nyeupe kando ya uso wa mgonjwa ili nione rangi ya karatasi kwanza. Maswali alinitazama nikifanya hivyo, na siku zote hizo hakunikumbusha neno lolote la Ijumaa ile. Angenikumbusha ningepata nafuu.

Wiki ya sita baada ya mazishi, asubuhi, muuguzi wa kwetu alipiga.

"Kiranja, kuna mgonjwa hapa. Anakutaka wewe tu." Akaongeza, "Urembo nimezima."

Akageuza simu. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, kofia juu ya goti, na nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni. Mashavu yamebonyea. Muuguzi akashika karatasi nyeupe kando ya uso wake bila kuambiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo huko?"

"Sijambo. Unaumwa nini?"

"Macho," alisema. "Yamekwisha. Nilikuwa nataka uniandikie miwani."

Niligeuka kumtazama Maswali. Meza yake ilikuwa tupu, hana mgonjwa, anachonga penseli. Sharti la tatu lilikuwa pale ukutani na ningeweza kulitumia, tena kwa haki kabisa. Nilitamani. Nikageuka tena kwenye kioo.

"Yameanza lini?"

"Yalianza siku ile ya mama yako. Ila nimekuja kuligundua baadaye." Aliizungusha kofia. "Walikuja watu wa shule na kazi ya ukuta. Nimewarudisha. Nasimama mbele ya ukuta, naona umenyooka, halafu najiuliza, unajuaje? Siku ile nilimwona mama yako hana damu, kumbe anayo. Siku nne nilimwona vile. Mtu niliyekaa naye miaka thelathini na moja. Kama macho yalinidanganya kwake yeye, ukuta si ndiyo kabisa?"

Muuguzi alikuwa hatazami kamera. Nilimwambia amweke baba mdogo kwenye mstari wa futi ishirini kutoka ubao wa herufi. Nilihitaji dakika mbili za kufanya kitu kingine. Baba mdogo alizisoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe siusomi, na mwisho akasoma jina la kiwanda kilichochapa ubao. Akarudi kukaa.

"Herufi si mtu," alisema. "Niandikie tu."

Nilivua vile vipokea sauti, nikavishika mkononi, nikavivaa tena. Nilikuwa nimelia sana wiki zile, lakini pale machozi hayakuja, na nashukuru, maana yangekuwa njia nyingine ya kujificha.

"Baba, macho yako ni mazima. Siku ile uliona sawasawa. Mama hakuwa na damu. Alikuwa anavuja kwa ndani. Ile simu ilikuwa na kitu kinachorembesha sura, mimi sikujua, nikaona rangi ya simu nikadhani ni rangi yake. Na nilipaswa kumuuliza zaidi, sikuuliza. Nilipaswa kumwita mkubwa wangu, sikumwita. Ungempeleka na lile gari wangemwongezea damu. Nimejua tangu Jumamosi ya msiba. Niliogopa kukwambia."

Kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi ile mashine ilivyo: huwezi kumshika mtu mkono, na huwezi hata kutazamana naye, kwa sababu ukitazama kamera humwoni yeye, na ukimtazama yeye anaona umeinamisha macho. Nilitazama kamera, ili angalau yeye aone namtazama.

"Kwa hiyo niliona sawasawa," alisema.

"Uliona sawasawa, baba."

"Na gari lilikuwa mlangoni."

"Ndiyo."

"Dereva aliniuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyempungia mkono aende."

Alivaa kofia. Akasimama, na kwa muda kidogo kamera ikawa inaonyesha vifungo vya shati lake, kimoja kimekatika, na hapakuwa tena na mtu wa kumshonea. Kisha akatoka kwenye picha. Nilisikia mlango, na hatua zake kwenye sakafu ya nje, na nikaendelea kutazama kiti kitupu. Hakuniaga. Maishani mwake hakuwahi kuondoka mahali nilipo bila kuniaga.

Muuguzi aliingia kwenye picha, daftari la wagonjwa mkononi, kalamu tayari.

"Kiranja," alisema. "Nimwandikie nini?"

"Andika macho mazima."

Akaandika.